Roosevelt: Rais wa jicho moja na bunduki iliyomfikisha ukingoni mwa Kongo

Mto Semliki, unaopita bondeni mashariki mwa Butembo na Beni, hauishii mpakani. Maji yake hutoka Ziwa Edouard, huelekea kaskazini hadi Ziwa Albert, kisha huondoka huko yakiwa yamebadili jina na kuitwa Nili. Mkazi wa komini ya Bulengera akiyafuata kwenye ramani, atafika mahali kwenye ukingo wa magharibi panapoitwa hadi leo Rhino Camp, yaani kambi ya vifaru.

Januari 1910 ukingo huo haukuwa wa Uganda. Ulikuwa sehemu ya Lado, eneo ambalo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alilikodi kwa Waingereza mwaka 1894 kwa muda wa uhai wake, na waliolitawala walikuwa maofisa wa Kibelgiji wa Kongo. Leopold alikuwa amefariki Desemba 17, 1909, na Lado ilikuwa inangoja kukabidhiwa kwa Sudan.

Katika kipindi hicho cha kungoja, alipiga kambi pale mwanaume wa miaka 51, mnene, mwenye masharubu na miwani. Miezi kumi tu iliyotangulia alikuwa Rais wa Marekani. Jina lake Theodore Roosevelt. Alikuja kuwinda kifaru mweupe, na jicho lake la kushoto lilikuwa halioni tena.

Maisha ya Roosevelt husimuliwa zaidi kwa upande wa siasa: vita vya Cuba, Ikulu ya Washington, Mfereji wa Panama, Tuzo ya Nobel. Lakini yanaweza pia kusimuliwa kwa upande wa macho yake. Mtu huyu alipenda bunduki tangu utotoni na hakuwahi kuona vizuri. Namna alivyoishi na kasoro hiyo inaeleza mengi kuhusu mwindaji alivyokuwa, na kuhusu yale yaliyobaki nyuma yake.

Bunduki ilipomfundisha kwamba haoni

Roosevelt alizaliwa Oktoba 27, 1858 mjini New York, katika familia yenye mali. Alikuwa mtoto wa pumu, dhaifu wa mwili, aliyependa vitabu vya wanyama. Baba yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la Marekani mwaka 1869, na mtoto naye akaanzisha makumbusho yake ndogo nyumbani, akikusanya ndege, panya na mafuvu.

Alipofikia miaka 13 alipewa bunduki yake ya kwanza, bunduki ya marisau ya mitutu miwili iliyotengenezwa Ufaransa. Hapo ndipo aibu ilipoanza. Wenzake walipiga ndege ambao yeye hakuwaona kabisa. Siku moja wakasoma kwa sauti maandishi makubwa ya tangazo lililokuwa mbali, naye akagundua kwamba kwake hapakuwa na maandishi, wala hata herufi. Alimweleza baba yake, akanunuliwa miwani. Baadaye aliandika kwamba siku hiyo alifunguliwa dunia mpya, kwa kuwa hadi wakati huo hakujua jinsi ulimwengu ulivyo mzuri.

Majira ya baridi ya 1872 familia ilisafiri Misri, ikapanda Nili kwa mashua. Kijana mwenye miwani mipya alitumia majuma hayo kupiga ndege na kuwachuna ngozi kwa ajili ya makumbusho yake. Miaka 37 baadaye angeurudia mto huohuo, safari hii akiukuta karibu na chanzo chake, na wanyama wakubwa zaidi.

Macho manne machungani Dakota

Februari 14, 1884 ilikuwa siku mbaya kuliko zote maishani mwake. Mama yake na mkewe kijana, Alice, walifariki siku moja, katika nyumba moja. Roosevelt, wakati huo mbunge wa jimbo la New York, alikimbilia magharibi, Dakota, ambako tayari alikuwa amenunua ng'ombe.

Wachungaji wa huko walimcheka. Walimwita Macho Manne kwa ajili ya miwani yake, kwani machungani miwani ilihesabiwa ni alama ya udhaifu. Mwaka mmoja kabla, katika msako wake wa kwanza wa nyati wa Marekani, alikuwa ameshuhudia ubaya wa vioo wakati wa mvua: maji yakitiririka juu ya lensi, mnyama hugeuka kivuli. Siku kadhaa za mvua zilipita na akakosa shabaha kabla ya kumpata nyati wake.

Katika miaka hiyo aliipenda sana bunduki ya wenzo ya kampuni ya Winchester, aina ya 1876. Bunduki ya wenzo ina chuma kama kitanzi chini ya kifyatulio. Mpigaji akikisukuma chini na kukirudisha juu, ganda lililotumika hutoka na risasi mpya huingia, bila yeye kuondoa kitako begani. Kwa mtu ambaye huenda risasi yake ya kwanza ikakosa, wepesi huo ni jambo kubwa.

Lakini Roosevelt hakununua bunduki kama ilivyokuwa dukani. Aliagiza kitako kilichomkaa begani, na vilengeo vilivyofaa macho yake. Katika vitabu vyake vya uwindaji alirudia jambo hilo mara nyingi, kwamba bunduki imetengenezwa kitako na vilengeo kwa kumfuata yeye. Alisema pia waziwazi kwamba hakuwa mpigaji hodari. Kwa maoni yake, mwindaji hujengwa zaidi na uvumilivu, utulivu wa moyo na mazoezi kuliko kipaji.

Kilengeo na jicho

Ili kuelewa kwa nini jambo dogo kama kilengeo lilimhangaisha mtu aliyekuja kuongoza taifa, inafaa kuangalia kazi yenyewe.

Bunduki ya kawaida ina vilengeo viwili. Cha mbele ni punje au kijiti kidogo karibu na mdomo wa mtutu. Cha nyuma ni kipande cha chuma chenye pengo mfano wa herufi V. Mpigaji huiweka punje ndani ya pengo, kisha huipeleka punje juu ya mnyama. Kazi hiyo inalidai jicho lione kwa wakati mmoja vitu vitatu vilivyo umbali tofauti: pengo lililo karibu, punje iliyo mbele zaidi, na mnyama aliye mita mia moja. Jicho la mtu haliwezi kuona vyote vitatu kwa ukali uleule.

Kijana hufidia kwa kuhamisha jicho haraka. Lakini lensi ya jicho hukakamaa kadiri miaka inavyopita, na mtu akishavuka miaka 40 pengo la nyuma huanza kuonekana kama ukungu. 

Mwaka 1879 William Lyman wa Middlefield, katika jimbo la Connecticut, alipata hataza ya kilengeo cha nyuma cha namna nyingine. Pengo liliondolewa, na mahali pake pakawekwa duara jembamba lenye tundu, lililosogezwa karibu na jicho. Mpigaji halitazami tundu. Hutazama kupitia ndani yake, kama anavyochungulia dirishani. Jicho lenyewe huipeleka punje katikati ya duara, na kazi inabaki ya vitu viwili tu, punje na mnyama. Tundu likiwa dogo husaidia hata zaidi, kwa kuwa mwanga unaopita katika nafasi finyu hufanya vitu vya karibu na vya mbali vionekane kwa ukali unaokaribiana. Tena, kwa kuwa vilengeo viwili vimeachana zaidi, kosa dogo la mkono huonekana mapema.

Faida hizo zina gharama. Tundu dogo hula mwanga, na wanyama wengi hutoka alfajiri na magharibi. Msituni, chini ya miti, punje hupotea ndani ya giza. Tone la mvua au tope huziba tundu kabisa. Na simba anapokuja mbio, hakuna muda wa kutafuta tundu. Kwa hiyo wawindaji waliokichagua kilengeo hicho walipenda tundu pana lenye ukingo mwembamba, na mbele wakaweka punje nyeupe ya pembe au ya dhahabu ionekane juu ya ngozi nyeusi. Tundu finyu waliliacha kwa mashindano ya kulenga shabaha za karatasi mchana kweupe.

Kulikuwa na jambo jingine la kupima. Winchester aina ya 1895, ile ambayo Roosevelt angeichukua Afrika, ina kifungio kinachorudi nyuma kila wenzo unaposukumwa chini, hadi kutokeza juu ya shingo ya kitako. Kilengeo kilichosimamishwa shingoni kingegongwa. Kwa hiyo vilengeo vya tundu vya bunduki hiyo vilitengenezwa vifungwe ubavuni. Isitoshe, bunduki yenye risasi nzito husukuma bega kwa nguvu, na chuma kilicho karibu na kioo cha miwani si kitu cha kukifanyia mzaha, hasa kwa mtu ambaye amebakiwa na jicho moja.

Ngumi iliyozima jicho

Roosevelt aliingia Ikulu Septemba 14, 1901 baada ya Rais William McKinley kuuawa. Alikuwa na miaka 42, na hakuna aliyewahi kuwa Rais wa Marekani akiwa na umri mdogo zaidi. Alikuwa shujaa wa vita vya Cuba vya 1898, ambako alikwenda na miwani ya akiba kadhaa iliyofichwa katika sare na kofia yake, asije akabaki kipofu katikati ya mapigano.

Akiwa Rais hakuacha michezo ya nguvu. Alicheza mieleka, alipanda miamba, alipigana ngumi na maofisa vijana. Katika pambano moja ngumi ilitua kwenye jicho la kushoto na kupasua mishipa midogo ndani yake. Nuru ya jicho hilo ilififia, kisha ikatoweka. Jambo hilo halikutangazwa. Roosevelt aliligusia miaka kadhaa baadaye katika kitabu cha maisha yake, bila kumtaja kwa jina kijana aliyempiga, ili asimwachie doa.

Kwa bahati alikuwa akipiga bunduki kwa bega la kulia, na jicho la kulia ndilo lililobaki. Mpigaji wa bunduki hulenga kwa jicho moja hata kama yote mawili ni mazima. Alichopoteza ni mambo ya pembeni: kumwona haraka mnyama anayetokea kushoto, na kukadiria umbali wa vitu vilivyo karibu. Katika nchi ya nyati na vifaru, hayo si mambo madogo.

Upande mwingine wa mwindaji huyo ulionekana katika sheria. Chini ya utawala wake takriban hekta milioni 93 za ardhi ya Marekani ziliwekwa chini ya ulinzi: misitu ya taifa 150, hifadhi za ndege 51, mbuga za taifa tano. Mtu aliyependa kuua wanyama ndiye aliyewatengea wanyama nafasi kubwa kuliko Rais yeyote aliyemtangulia.

Barua kwa kiwanda

Mwaka 1908, akijua kwamba muhula wake ungeisha Machi 1909, alianza kujiandaa kwa safari ya Afrika Mashariki. Safari ilipewa sura ya kisayansi: Taasisi ya Smithsonian ya Washington ingepokea ngozi na mifupa kwa ajili ya makumbusho mapya, na tajiri Andrew Carnegie alikuwa mmoja wa waliochangia gharama. Gharama za Roosevelt mwenyewe na mwanawe Kermit zililipwa kwa fedha ambazo jarida la Scribner's lilimpa kwa makala zake.

Kutoka Ikulu, katikati ya shughuli za dola, ziliondoka barua kwenda kiwanda cha Winchester. Alitaka bunduki za aina ya 1895 zitakazomeza risasi ya .405, yenye unene wa zaidi ya milimita 10 na uzito wa karibu gramu 19. Bunduki hiyo, iliyobuniwa na John Browning, ilikuwa tofauti na ndugu zake wa wenzo. Zile za zamani hupanga risasi ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, hivyo risasi yenye ncha kali inaweza kugonga kitako cha iliyo mbele yake na kuilipua. Aina ya 1895 ina kisanduku chini ya mwili wake ambamo risasi hulala moja juu ya nyingine, na hivyo huweza kubeba risasi zenye nguvu zaidi.

Katika barua hizo suala la vilengeo lilijitokeza tena. Alichotumiwa hakikulingana na alichotaka, naye akalalamika bila kuficha. Kwa kiwanda, huenda hilo lilikuwa kosa dogo la fundi. Kwa mtu wa jicho moja anayekwenda kukutana na simba, kilengeo kisichofaa ni sawa na kwenda bila bunduki. Afadhali kugombana na kiwanda ukiwa Washington kuliko kugundua kosa ukiwa umezungukwa na majani marefu, duka la karibu likiwa umbali wa siku kadhaa.

Mwishowe alisafiri na bunduki tatu kubwa. Ya kwanza ilikuwa Springfield ya jeshi la Marekani, iliyobadilishwa kitako na vilengeo kwa kumfuata. Ya pili Winchester ya .405. Ya tatu ilikuwa ya mitutu miwili kutoka kampuni ya Holland & Holland ya London, zawadi ya marafiki zake wa Uingereza, kwa ajili ya tembo na vifaru.

Bwana Mkubwa na Bwana Maridadi

Aliondoka New York Machi 23, 1909 na kushuka Mombasa Aprili 21. Msafara wake ulikuwa mji unaotembea: wapagazi zaidi ya 200, askari, wapishi, wachunaji, na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Wataalamu watatu wa wanyama waliandamana naye, Edgar Mearns, Edmund Heller na Alden Loring. Wawindaji R. J. Cuninghame na Leslie Tarlton waliongoza.

Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa. Kermit, aliyekuwa na miaka 19 na kupenda mambo ya kupendeza, akaitwa Bwana Maridadi. Wabeba bunduki, akiwamo Kasitura, mtu wa Busoga, na Juma Yohari, Mswahili aliyemfuata Kermit, ndio waliokuwa macho ya pili ya msafara. Wao ndio waliomwona mnyama kwanza, wao ndio waliosoma nyayo, na wao ndio waliosimama nyuma ya mpigaji na bunduki ya akiba wakati mnyama alipogeuka. Kwa Roosevelt msaada huo haukuwa anasa. Bila macho yao, vilengeo vyake vyote visingekuwa na cha kulengea.

Winchester ya .405 ikawa bunduki yake ya simba, na aliisifu kama dawa ya simba. Aliua simba tisa katika safari hiyo. Hakuficha kwamba alitumia risasi nyingi, na kwamba alikosa mara kwa mara. Orodha aliyoichapisha mwenyewe inaonyesha wanyama 512 waliopigwa na baba na mwana, 296 kwa mkono wake na 216 kwa mkono wa Kermit.

Katika uwanda wa Uasin Gishu, magharibi mwa Kenya ya leo, Novemba 1909 alikutana na Carl Akeley, Mmarekani aliyekuwa akitafuta tembo kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la New York, lile ambalo baba yake Roosevelt alisaidia kulianzisha. Roosevelt alimsaidia kupata tembo majike kwa kundi lililokuwa likitayarishwa. Urafiki huo ungekuja kuigusa Kivu, lakini kwa wakati huo walikuwa wawindaji wawili tu.

Vifaru tisa wa Lado

Desemba msafara ulivuka Uganda kwa miguu, kutoka Kampala hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert. Mwanzoni mwa Januari 1910 ukashuka Nili kwa mashua hadi Lado.

Kifaru mweupe wa kaskazini alikuwa bado mgeni kwa wanasayansi. Jina lake la kitaalamu lilikuwa limetolewa mwaka 1908 tu. Kule kusini mwa Afrika ndugu zake walikuwa wamebaki wachache mno kutokana na bunduki za walowezi. Makumbusho ya Washington yalimtaka, na Roosevelt alitaka kuwa yeye wa kuwapelekea.

Yeye na Kermit waliua tisa, yeye watano, mwanawe wanne. Nchi ilikuwa ya majani makavu na moto wa nyika, joto kali na mbu. Baadhi ya wenzake waliugua homa na kuhara. Kifaru mweupe hakuwa mkali kama yule mweusi. Mara nyingi alikutwa amelala au amesimama kivulini, na kumpiga hakukuhitaji kilengeo cha ajabu.

Hapo ndipo penye swali gumu la maisha ya mtu huyu. Katika kitabu alichokichapisha mwaka huohuo, Roosevelt aliandika kwamba ingefaa uwindaji wa kifaru huyo upigwe marufuku hadi idadi yake na mahali anapoishi vijulikane vizuri. Alilijua jambo hilo na aliliandika, lakini tayari alikuwa amepiga. Watetezi wake husema wanyama tisa kwa ajili ya sayansi hawakumaliza ukoo, na hesabu hiyo ni kweli. Wakosoaji wake, tangu enzi zake, walisema tisa ni wengi kuliko makumbusho yalivyohitaji. Hesabu hiyo nayo ni vigumu kuikataa.

Baada ya Lado msafara ulipitia Nimule na Gondokoro, ukafika Khartoum Machi 14, 1910.

Miwani iliyozuia risasi

Roosevelt aligombea tena urais mwaka 1912. Oktoba 14, mjini Milwaukee, mtu mmoja alimpiga risasi ya bastola kifuani kutoka karibu. Risasi ilipita kwanza katika hotuba yake, karatasi 50 zilizokunjwa mfukoni, na katika kasha la chuma la miwani yake. Ilipoingia mwilini ilikuwa imepoteza nguvu. Alipanda jukwaani na kuhutubia kwa muda mrefu, shati likiwa na damu. Risasi hiyo alibaki nayo kifuani hadi kifo. Macho mabovu yaliyomletea kicheko Dakota yalikuwa yamemwokoa.

Uchaguzi alishindwa. Mwaka 1913 alikwenda Brazil, akashuka mto usiojulikana katika msitu wa Amazon, akarudi akiwa mgonjwa na hakupona sawasawa tena. Alifariki usingizini Januari 6, 1919 nyumbani kwake Oyster Bay, akiwa na miaka 60.

Kutoka mtutu hadi Virunga

Rafiki yake Akeley aliendelea na kazi. Mwaka 1921 alikuja kwenye volkano za Kivu kuwapiga sokwe wa milimani kwa ajili ya makumbusho. Alipowaona waliokufa mbele yake alibadilika, akaanza kumshawishi Mfalme Albert I wa Ubelgiji awatengee hifadhi. Mfalme huyo alikuwa amezitembelea mbuga za Marekani mwaka 1919, hivyo wazo halikuwa geni kwake. Aprili 1925 Mbuga ya Albert ilianzishwa, mbuga ya taifa ya kwanza barani Afrika. Miaka iliyofuata ilipanuliwa kaskazini hadi bonde la Semliki na milima ya Ruwenzori, na leo watu wa Beni na Butembo wanaijua kwa jina la Virunga. Akeley alifariki Novemba 1926 kwenye Mlima Mikeno na kuzikwa hukohuko.

Kifaru mweupe wa kaskazini hakupata bahati ya sokwe. Kimbilio lake la mwisho lilikuwa Kongo, katika Mbuga ya Garamba huko Haut-Uele. Mwaka 1984 walihesabiwa huko karibu 15. Ulinzi uliwaongeza hadi kufikia wapatao 30, kisha vita na majangili wenye bunduki za kivita, zisizohitaji mlengaji hodari, wakawamaliza katikati ya miaka ya 2000. Machi 2018 dume la mwisho, Sudan, lilifariki Kenya. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, wakilindwa usiku na mchana Ol Pejeta. Juni 2023 Garamba ilipokea vifaru weupe 16 kutoka Afrika Kusini, lakini hao ni wa ukoo wa kusini.

Rhino Camp sasa ni sehemu ya Uganda, na jina lake linajulikana zaidi kwa makazi ya wakimbizi. Vifaru walioipa jina hawapo. Baadhi ya wale wa Roosevelt wamehifadhiwa Washington, ngozi na mifupa, wakiwa na alama za mahali na tarehe. Mwindaji wa macho mabovu alitumia karibu miaka 40 kuhakikisha anaona vizuri kile kilicho mbele ya mtutu wake, na katika ukingo ule wa Nili alikiona vizuri kabisa, akakiandika, na bado akafyatua.